Nani Atachinja Mbuzi wa Krismasi

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Mtihani uliisha Ijumaa. Leo ni siku ya kwanza sina pa kwenda. Nimefagia uani mara mbili. Mama amesema nikifagia mara ya tatu tutaanza kuona msingi wa nyumba.

Nimeamua kuandika mpaka matokeo ya kidato cha nne yatoke. Mwalimu wa Kiswahili alisema mtu asiyeongea aandike, la sivyo maneno yatamchachia tumboni. Hakunitaja jina. Ila alikuwa ananitazama mimi.

Hakuna jipya. Mzee Sadallah amechinja kuku wawili, mmoja wa kwao, mmoja wa kwetu. Sisi tumepanga vyumba vya mbele, wao vya nyuma, na uani tunatumia wote. Mama akishamkamata kuku humpelekea Mzee. Mzee anaelekea kibla, anataja jina la Mungu – kwisha. Miaka kumi na moja tupo nyumba hii na Baba hajawahi kuchinja hata njiwa. Mwislamu akichinja, uani wote unakula. Akichinja Mkristo, nusu inakula na nusu inatazama. Hakuna aliyeandika popote. Ndivyo ilivyo tu.

Alhamisi, 5 Desemba

Jambo kubwa! Na baya.

Jumapili nilisoma somo kanisani na Mwinjilisti Apolinari alikuwepo, mgeni. Leo amekuja nyumbani, amekunywa chai vikombe vitatu, akamwambia Baba anamtaka "yule binti wa sauti". Tarehe 21 kuna mdahalo wa Wakristo na Waislamu, uwanja wa nyuma ya soko. Mada: Dini ipi ni ya upanga? Msomaji wake amehamia Morogoro.

Kazi ya msomaji ni hii: mhubiri anataja sura na mstari, anasema "Soma!", na msomaji anasoma kwenye maiki. Haongezi neno lake hata moja.

Baba amekubali. Mimi nilikuwa jikoni. Nimeambiwa baada ya kikombe cha tatu.

Nimemwambia Mama siwezi kusimama mbele za watu. Akasema: Kanisani unasimama. Nikasema kule nakuwa nasoma. Akasema: Na huko utakuwa unafanya nini, unakaanga mihogo?

Ni kweli nikisoma siogopi. Anayeongea anakuwa si mimi.

Jumamosi, 7 Desemba

Mwinjilisti ameleta orodha mbili. Ya kwanza ni mistari ya amani – yote ya Biblia. Ya pili ni aya za upanga – zote za Kurani. Nimemuuliza kama ipo orodha ya tatu, ya upanga wa kwetu na amani ya kwao. Amesema hiyo wataileta wenyewe.

Msomaji azingatie mambo matatu: sauti, kasi, na kunyamaza pale mhubiri anaponyosha kidole. "Msomaji ni spika yenye miguu," amesema. Baba amecheka sana. Nadhani ilikuwa sifa.

Tatizo: kanisa lilikuwa na tafsiri moja ya Kurani na imekwenda Morogoro pamoja na msomaji. Nitafute ya kuazima. Kwa ninavyojua iko moja, hatua kumi na tano kutoka mlango wetu.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Watu wako nyumbani.

Nimemwomba Shamimu aniombee tafsiri kwa baba yake, Mzee Sadallah. Shamimu ni rafiki yangu tangu darasa la pili, na mtihani tumefanya chumba kimoja. Amecheka mpaka amekaa chini kwenye ndoo. "Yaani unaazima panga kwa baba ili ukamkate nalo baba?" Nikasema si panga, ni kitabu. "We Sekela we!" Akaenda.

Mzee Sadallah akaniita. Shikamoo – marahaba. Kisha nikatazama vifungo vya shati lake. Viko sita, kimoja si cha shati hilo. Akauliza kitabu cha kazi gani. Nikamweleza ukweli wote, maana uongo unahitaji maneno mengi.

Halafu akakitoa kabatini, kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Masharti: ninawe mikono, nisikiweke sakafuni, nisikiwekee kikombe juu. "Na usilale nacho, mwanangu. Hizo nywele umezipaka mafuta mpaka yanatafuta njia."

Nikauliza kama hajali. Akasema mdahalo huo upo kila mwaka. Mwaka jana upande wake ulishinda. Mwaka juzi pia. "Na upande wenu nao ulishinda mwaka jana na mwaka juzi. Soma tu."

Jumatano, 11 Desemba

Nimesoma siku mbili na nimepata shida.

Aya ya kwanza kwenye orodha inaamrisha kuua maadui popote wanapokutwa. Ni kali, sikatai. Lakini aya iliyo juu yake – moja tu juu – inasema wapigane na wale wanaowapiga, na wasianze wao. Orodha inaanzia chini ya hapo. Nimedhani Mwinjilisti amekosea namba.

Kwa haki, nikageukia na kwetu. Nikafungua habari ya Yeriko, kitabu cha Yoshua. Shule ya Jumapili tulikuwa tunaigiza kuta zinaanguka, tunapiga makofi, tunapewa biskuti. Sikuwahi kusoma kinachofuata kuta zikishaanguka. Wanaume, wanawake, vijana, wazee, ng'ombe, kondoo na punda – wote kwa upanga. Punda! Maigizo yetu yaliishia kwenye kuta na biskuti.

Nimemwonyesha Shamimu. Amesoma mara mbili. "Punda naye alikosa nini?"

Nimesema sijui. Kisha tumeendelea kuchambua dagaa.

Jumamosi, 14 Desemba

Mazoezi kanisani. Nimemuuliza Mwinjilisti kuhusu ile aya ya juu. Si makosa ya namba. "Binti, ukienda sokoni kununua kitunguu, unabeba na shamba?" Watu wamecheka. Na mimi nimecheka, kwa kuwa walikuwa wananitazama.

Nimefikiri njia nzima. Kitunguu ukikiondoa shambani kinabaki kitunguu. Aya ukiiondolea ya juu yake haibaki ile ile. Lakini hilo nimelipata nilipofika nyumbani, na mtu huwezi kurudi kanisani kumwambia Mwinjilisti habari za kitunguu.

Mbuzi wa Krismasi amefika. Baba amemleta na bajaji. Dereva amesema ndiye abiria mtulivu kuliko wote leo. Dada Hope atapanda basi la usiku kutoka Mbeya, afike mkesha wa Krismasi. Mama na Mama Shamimu wameshagawana kazi: sufuria kubwa na pilau ni Mama Shamimu, supu ni Mama, vitunguu ni mimi na Shamimu. Mzee Sadallah amempapasa mbuzi shingo kama daktari. "Jumanne, saa nne, inshallah."

Mama amekataza mbuzi asipewe jina. Mwaka jana tulimpa na Shamimu hakula.

Jumatano, 18 Desemba

Nimefagia uani mara tatu. Siku tatu zimebaki.

Jumamosi, 21 Desemba

Naandika yote, hata yanayonihusu.

Uwanja ulijaa. Spika zilikuwa za vijana wa msikitini na jenereta la kanisani kwetu. Mmoja angesusa, mwenzake asingesikika. Turubai moja kushoto, moja kulia, katikati meza ndefu ya vitabu. Askari wawili walikaa nyuma wanakula karanga. Mwenyekiti wa mtaa alifungua. Alisema tubishane kwa upendo, na wenye bodaboda waondoe bodaboda mlangoni.

Upande wao alihubiri Ustadhi Jamali. Mwembamba, mcheshi, anacheka kabla ya kusema. Alianza: "Ndugu zetu hawa wanasema mtu akipigwa shavu la kulia anageuza la kushoto. Leo tutahitaji la tatu!" Watu wakaanguka kicheko. Mwinjilisti Apolinari akamjibu: "Mashavu yapo, Ustadhi, tena yamenona. Lete kwanza huo mkono wako wa dini ya amani." Na wetu wakacheka. Nikaona labda itakuwa hivyo tu, utani mpaka magharibi.

Zamu yetu. Nilisoma mistari ya amani minne. Sauti ilitoka. Nilimwona Baba mstari wa mbele, mikono magotini, anaitikia kwa kichwa kidogo kila nikimaliza. Sijawahi kuona Baba akinitazama hivyo.

Kisha Mwinjilisti akasema sasa tuone upanga ulipo, akataja ile aya. "Soma!"

Nikasoma. Nilianzia ile ya juu.

Sikupanga. Nimejiuliza mara nyingi tangu niliporudi na bado naona sikupanga. Macho yalianzia mahali maneno yanapoanzia. Nilisoma kwamba wapigane na wanaowapiga na wasianze wao, na kabla sijafika chini upande wa pili wakalipuka. Takbira! Allahu akbar! Mama mmoja akapiga kigelegele. Mwinjilisti alikuwa amenyosha kidole muda mrefu, mimi nilikuwa natazama kitabu.

Akauliza: Msomaji, nimekwambia uanzie wapi?

Nikajibu. Sikujua maiki bado inasikika. Nikasema: "Hapo uliposema, lakini habari inaanzia juu."

Kicheko. Si cha kwetu.

Ustadhi Jamali akasimama, akanishukuru, akasema mdogo wake amempunguzia kazi. Akataka sasa tuone upanga wa upande ule. Akataja mstari wa Luka. Msomaji wao, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba, akausoma peke yake: wale adui zangu waletwe hapa wachinjwe mbele yangu. "Kinywa cha nani hicho?" akauliza Ustadhi. "Cha Yesu! Mnasikia? Wachinjwe!"

Na mimi bado nilikuwa nimesimama na maiki.

Nikasema: "Ni mfano. Anayesema hivyo ni mfalme wa kwenye hadithi. Inaanzia juu, mstari wa kumi na moja."

Sasa wakalipuka wa kwetu. Haleluya! Ustadhi hakucheka tena. Mwinjilisti naye hakufurahi, kwa sababu aliyejibu si yeye. Ndani ya dakika kumi nilikuwa nimeshangiliwa na pande zote mbili, na sikubaki na upande.

Hapo ndipo kandambili ilipokuja. Ya bluu, ya mguu wa kushoto. Ilipiga meza ya vitabu na kuangusha maji. Kila upande ulisema imetoka kwa mwenzake. Watu wakasimama, viti vikaanza kuinuliwa – viti vya plastiki, lakini viliinuliwa. Walioviinua walikuwa wamenisikiliza mimi nikisoma mistari ya amani minne. Askari mmoja akaiweka kandambili kwenye mfuko kama ushahidi. Mwenyekiti akatangaza mdahalo umeahirishwa kwa sababu ya mvua.

Hakukuwa na mvua.

Baba alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Hatua kumi hivi. Nilipokazana alikazana.

Jumapili, 22 Desemba

Sikutakiwa kusoma somo leo. Amesoma mtu mwingine. Alikwama kwenye "wakajitwika".

Baada ya ibada Mwinjilisti alimchukua Baba pembeni, karibu na tangi la maji. Mimi nilikuwa upande wa pili wa tangi. Alisema Baba ameshindwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kwamba jirani amewalisha nyama ya dua yake miaka kumi na moja na sasa anamlisha binti maneno. Baba alisema: Ni kweli, Mtumishi. Alisema hivyo mara tatu.

Nyumbani ameuliza: Nani kakufundisha kuanzia juu? Nikasema hakuna. Akafunua tafsiri. Pembeni ya ile aya ya juu kuna mstari wa penseli. Nilikuwa nimeuona tangu siku ya kwanza. Ni wa zamani, umeshafifia – Mzee Sadallah aliuchora kwa kujisomea mwenyewe, huenda mimi sijazaliwa. Nimemweleza. Baba akasema: "Kumbe."

"Kumbe" ya Baba si nzuri.

Ametoka kwenda uani. Mzee alikuwa anakata kucha. Nimesikia yote kutoka dirishani.

"Mzee, Jumanne usisumbuke. Mbuzi nitamchinja mwenyewe."

"Kuna tatizo, Baba Hope?"

"Hakuna tatizo. Na sisi mikono tunayo."

Mzee alifikiri. "Mikono mnayo," akasema. Akaendelea na kucha.

Mama amemfuata Baba ndani. Amesema: Wewe? Wewe uliyeanguka zahanati walipokutoa damu ya kupima malaria? Damu tone moja! Baba amesema hiyo ilikuwa njaa. Mama amesema ukichinja wewe, Mama Shamimu atakula nini? Baba amesema anayetaka atakula. Mama akasema: Unajua vizuri hawawezi. Baba alikuwa anajua vizuri.

Jumatatu, 23 Desemba

Mama Shamimu ameleta sufuria kubwa asubuhi. Ameiweka mlangoni kwetu, imesuguliwa inang'aa, na mwiko ndani. Amesema tuitumie tu mpaka tumalize. Hakuingia. Huwa haishi kuingia.

Shamimu amenikuta bombani. Hakucheka. Amesema: "Baba kasema kesho tusipokula pamoja, mwezi wa kwanza tunahama. Kuna vyumba Mbagala kwa mjomba."

Nikasema kwa ajili ya mbuzi?

"Wala hajakasirika, Seke. Angekasirika ningejua cha kumwambia. Kasema uani mmoja haukai visu viwili, basi." Akainua ndoo yake. "Na wewe ungeanzia tu pale ulipoambiwa."

Nimekaa bombani muda mrefu. Ndoo imejaa ikamwagika, mama mmoja jirani aliyekuja kuchota akauliza kama nalipia bili ya mtaa mzima.

Nikaingia kusoma. Ndicho ninachoweza. Na nimepata! Kurani inasema chakula cha watu waliopewa kitabu ni halali kwa Waislamu. Imeandikwa wazi. Na kwetu Paulo anasema nyama iuzwayo sokoni iliwe bila kuulizwa-ulizwa. Nimesoma juu yake na chini yake, zote mbili, ili nisije nikawa na kitunguu. Kwa hiyo Baba akichinja, Mzee anaruhusiwa kula. Mzee akichinja, Baba anaruhusiwa kula. Vitabu vyote viwili vimewaruhusu. Wenyewe ndio hawajajiruhusu.

Nimeanza na Baba. Hakuniacha nifungue. "Usinisomee, Sekela. Umeshasoma vya kutosha."

Nikaenda kwa Mzee, na tafsiri mkononi, kwa kisingizio cha kuirudisha. Nilimsomea huku nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho. Naandika alivyosema, kwa kadiri ninavyokumbuka:

"Naijua, mwanangu. Wapo masheikh wanaokula kwa aya hiyo na wapo wanaokataa, na mie siku ya shida ningekula. Lakini Baba Hope hakushika kisu kwa sababu ya mbuzi. Kakishika ili mie nisile. Sasa hapo hata pawe halali kama maji, koo litapitisha vipi?"

Nikauliza kama naweza kufanya chochote. Kuuliza tu kulinitoa jasho. Akasema: "Hukukosea kuanzia juu. Lakini watu wengi hawapendi kuonyeshwa juu." Kisha akauliza kama nilinawa kabla ya kushika kitabu. Nilikuwa nimenawa.

Baba amerudi jioni na kisu kipya. Kimo ndani ya plastiki ngumu. Imebidi achukue kisu cha mkate kufungulia.

Jumanne, 24 Desemba

Saa nne na robo asubuhi. Naandika haraka.

Saa tatu Baba alimtoa mbuzi kambani. Mama alikataa kushika miguu. Alisema ana kazi jikoni, akasimama mlangoni bila kazi. Nikashika mimi miguu ya nyuma. Baba alimlaza, akaweka goti, akashika pembe. Mbuzi hakulalamika. Alidhani tunamtafuta kupe.

Mzee Sadallah alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni kwao, ametupa mgongo. Mama Shamimu na Shamimu walikuwa wanafunga nguo kwenye mifuko ya shangazi kaja, za kwenda Mbagala. Walikuwa wanafunga taratibu sana.

Baba alisema nianze kwa sala. Nikauliza ipi. Akasema ya kuchinjia. Nikamwambia siijui, sijawahi kusikia. Akafikiri, akasema naye hajawahi. Tukasali Baba Yetu. Tulipofika "utusamehe makosa yetu kama sisi" Baba alikohoa, akaruka hapo, akaenda moja kwa moja kwenye amina.

Akaweka kisu shingoni. Akakiondoa, akakinoa kwenye kitako cha sahani, akarudisha. Akakiondoa tena. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi kama siku ile ya zahanati. Hakuna aliyecheka. Nilitamani mtu acheke.

Mzee akageuka.

"Baba Hope. Hicho kibutu. Utamtesa."

"Kitakata."

"Hakikati hicho. Kinasaga."

Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kisu chake kimefungwa gazeti. Hakuja mpaka tulipo. Alisimama kwenye mfereji wa maji machafu, ule unaogawa upande wao na wetu, akafungua gazeti, akakinyosha – mpini mbele, makali kwake.

Baba hakunyosha mkono. Goti liko juu ya mbuzi, mkono mmoja pembe, mwingine kile kisu cha dukani. Kati yao hatua mbili. Wala hawakutazamana. Walikuwa wanamtazama mbuzi.

"Sekela," Baba akasema. "Pokea."

Nikaachia miguu, nikaenda, nikapokea. Mpini ulikuwa wa moto kwa mkono wake.

Mzee hakusema chinja wewe. Hakusema nipishe nichinje mie. Baba hakusema nipe. Hakusema mrudishie. Wote wakanitazama mimi. Shamimu aliacha kufunga. Mama alitoka mlangoni.

Hakukuwa na kitabu. Hakukuwa na mtu wa kuniambia soma, wala wa kunyosha kidole. Nikasema – mimi, kwa sauti yangu – "Kina vumbi. Naenda kukiosha."

Hakina vumbi. Mzee Sadallah hajawahi kuweka kisu chenye vumbi tangu nimfahamu. Alikitazama, akanitazama.

"Kaoshe, mwanangu," akasema.

Baba akasema: "Kioshe vizuri."

Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Bomba liko uani. Humu ndani hakuna maji. Wote wanajua.

Kisu kiko mezani pembeni ya daftari. Nikitoka lazima nimpe mmoja. Nikimpa Baba, mwezi wa kwanza Shamimu hayupo. Nikimpa Mzee, nitakuwa nimemwaibisha Baba mara ya pili, safari hii bila maiki.

Nasikia mbuzi amesimama. Baba naye amesimama, magoti yamelia. Nasikia kiti kinaburutwa. Mama anasema, Kaa basi, Baba Hope, utaanguka. Kiti cha pili kinaburutwa – kigoda, kinatoka nyuma, kinavuka mfereji. Sijachungulia.

Mzee anauliza: "Hope kafika wapi?"

Baba amechelewa kujibu. "Alipiga simu wakiwa Chalinze."

"Chalinze saa hizi? Bado sana. Na ile foleni ya Kibaha."

"Foleni ya Kibaha," Baba anasema.

Mbuzi anakula kitu. Kama plastiki.

Baba anaita: "Sekela! Bado?"

Nimejibu bado.